Transdusa ya kutafutia samaki kwenye boti ndogo ya faiba: niifunge wapi, na ni lazima nitoboe?

Mshipi Mrefu

Wakuu, salaam kwenu. Boti yangu ni ya faiba, urefu kama mita tano, mashine moja nyuma ya nguvu farasi 25. Nimepata kifaa cha kutafutia samaki, skrini ndogo tu lakini kimekamilika: transdusa ya plastiki (kile kipande kinachopiga sauti majini na kusikiliza mwangwi) ya masafa mawili, 83 na 200 kHz, yenye kipimajoto ndani yake, kishikio cha kuifungia, skrubu za stenlesi na waya mrefu kuliko boti yenyewe.

Karatasi ya maelekezo imeniacha njiani. Ina mchoro wa ubao wa nyuma na mshale, basi. Nataka kujua niifunge upande gani, ishuke kiasi gani, na kama kuna namna ya kukwepa kutoboa. Boti hii haijawahi kutobolewa chini ya mstari wa maji na sina haraka ya kuanza. Kuna wanaoniambia niigandishe ndani tu kwa gundi, eti sauti inapenya faiba. Wengine wanasema hizo ni hadithi.

Jambo moja zaidi: nataka kusoma kina nikiwa natembea, siyo nikitia nanga tu. Karibuni.

Kalafati

Mkuu, kabla hatujafika kwenye sentimita, jua kwanza unapigana na nani. Unapigana na hewa.

Ndani ya transdusa kuna kipande cha kauri. Kikipigwa umeme kinatetema na kutoa mlio. Kikitetemeshwa na mwangwi kinatoa umeme. Kinapiga, kinanyamaza, kinasikiliza. Sauti majini huenda karibu mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo sakafu iliyo mita 15 chini inajibu baada ya sehemu mbili za mia za sekunde, na kifaa kinapiga hesabu yake hapo. Sharti lake ni moja: kati ya uso wa transdusa na sakafu pawe na maji matupu. Sauti ikikutana na hewa haivuki, karibu yote inarudi palepale. Hata samaki wenyewe kifaa kinawaona zaidi kwa sababu ya kile kifuko cha hewa cha ndani ya mwili. Wasio nacho huonekana kwa alama hafifu. Sasa kama kifuko kidogo hivyo kinaonekana mita 30 chini, utando wa mapovu uliofunika uso wa transdusa utakufanyia nini? Skrini itajaa ukungu, na kina kitakuwa kinapepesa tu.

Kwa hiyo usiulize "kulia au kushoto" kwanza. Uliza maji yanapita wapi bila kuchafuka wakati boti ina kasi. Namna ya kujua ni hii. Mpe mwenzako usukani, vaa jaketi la kuokolea, kaa nyuma utazame maji yanavyoachana na ukingo wa chini wa ubao wa nyuma. Kuna sehemu yanatoka yamenyooka na unaona ndani yake. Kuna sehemu yanatoka meupe, yamejaa povu. Ile meupe sahau kabisa. Halafu boti ikiwa nchi kavu, lala chini yake ufuate kwa macho kutoka ile sehemu safi kwenda omo, yaani mbele ya boti: hakikisha mbele yake hakuna tundu la kuingizia maji, hakuna kizibo, hakuna kiraka, hakuna mbavu ya nje ya faiba inayoishia hapo. Kitu chochote kilichotokeza chini ya boti kinaburuta mkia wa mapovu mpaka nyuma.

Ukishapata eneo safi ndipo vipimo vinaanza. Kaa mbali na propela, angalau sentimita 38. Kama eneo safi lipo pande zote mbili, chukua kulia. Propela nyingi za mashine moja huzunguka kwa mwendo wa mshale wa saa ukizitazama kutoka nyuma, kwa hiyo upande wa kulia makali yanashuka na upande wa kushoto yanapanda, na yanayopanda ndiyo yanayovuruga zaidi. Kama mashine yako inazunguka kinyume, geuza. Wala usikimbilie mbali sana ubavuni, maana boti ikilala kwenye kona au ikipigwa na wimbi transdusa itatoka majini. Karibu na mkuku, ule uti wa chini katikati ya boti, kadiri propela inavyoruhusu.

Kina: kwa faiba, uso wa chini wa transdusa ushuke kama milimita 3 chini ya sakafu ya boti. Kwa alumini, kama milimita 10. Weka rula ndefu chini ya boti, ivuke ubao wa nyuma, upime kutoka hapo.

Ndani kwa Ndani

Naona watu wameshamkimbiza kijana kwenye drili. Yangu iko ndani ya boti tangu nimeifunga, imekaa kwenye epoksi, haijawahi kuguswa na gogo, mchanga wala wavu. Nasoma kina nikiwa na kasi yote ya mashine. Hakuna tundu, hakuna mapovu ya nyuma, hakuna kishikio cha kuvunjika. Faiba inapitisha sauti, hiyo si hadithi.

Kalafati

Inapitisha, mzee wangu, sikatai. Lakini mwambie na masharti.

Lazima iwe faiba tupu, imeshiba, hakuna kitu katikati. Boti nyingi zina sakafu ya tabaka mbili, katikati wameweka povu gumu au mbao laini ili iwe nyepesi na ngumu. Hapo sauti haipiti, kwa sababu lile povu ni hewa iliyofungiwa. Mbao hazipitishi. Alumini na chuma usijaribu kwa transdusa kama hizi. Halafu hata faiba tupu inachukua kodi yake, sauti inapungua ikienda na inapungua tena ikirudi, kwa hiyo kwenye kina kirefu utaona kidogo kuliko mwenye transdusa ya nje. Kipimajoto nacho kitakusomea joto la sakafu ya boti. Na zile transdusa za picha za pembeni na za chini, za 455 na 800 kHz, hizo za ndani hazifai, zinataka kugusana na maji moja kwa moja.

Ndani kwa Ndani

Ya kwake ni 83 na 200, siyo 800. Na anavua wapi mpaka umtishe na kina kirefu?

Mshipi Mrefu, jaribu kabla hujagandisha, haikugharimu kitu. Boti ikiwa majini, mimina maji kidogo pale ndani karibu na mkuku sehemu ya nyuma, simamisha transdusa kwenye hayo maji uso ukitazama chini, iwashe. Kama hapo ngamani, chini kabisa ndani ya boti, hapakai maji, tia maji kwenye mfuko wa plastiki, uufunge vizuri, uubane kati ya transdusa na sakafu. Linganisha na usomaji ukiwa umeitumbukiza nje ubavuni. Kina kikiwa kilekile na sakafu inachorwa nzito, umepata mahali. Kikipungua sana au kikipotea, sogeza, jaribu tena. Pasipokubali popote, ujue sakafu yako ina tabaka na mimi nanyamaza.

Ukigandisha: sugua faiba kwa msasa mpaka iwe laini, futa, mimina epoksi inayokauka polepole, ibonyeze transdusa huku ukiizungusha ili mapovu yatoke pembeni. Usitumie silikoni, ni laini, inameza sauti. Povu moja likibaki chini ya uso umefunga kipofu.

Mbao Tatu

Samahani kwa kuingilia uzi. Mimi mashua yangu ni ya mbao tupu, haina faiba. Maana yake habari ya ndani kwangu imekufa?

Kalafati

Imekufa. Kwako njia ni mbili. Ya kwanza ni ubao wa nyuma kama mwenzako, maelezo yaleyale, ila ukitoboa mbao loweka tundu kwa epoksi kabla ya skrubu, la sivyo maji yanaingia kwenye nyuzi za mbao na kuozesha kimyakimya. Ya pili ni transdusa ya kupita sakafuni, yenye shina linalotoka ndani hadi nje na nati kubwa ndani. Kwa mbao chagua ya bronzi au ya stenlesi, usichukue ya plastiki. Mbao zikinywa maji zinavimba, zinaibana ile plastiki mpaka inapasuka, na hapo una tundu la inchi mbili chini ya maji.

Wenye alumini ni kinyume: bronzi usiisogeze. Metali mbili zisizofanana zikikaa pamoja kwenye maji ya chumvi, moja inaliwa, na itakayoliwa ni boti yako. Wao wachukue plastiki.

Na sakafu yenye mteremko inataka kipande cha kusawazisha, kilichokatwa kwa pembe ya boti, ili uso wa transdusa utazame chini wima, usitazame pembeni. Kazi ya namna hiyo mpe fundi wa boti, usijifundishie kwenye boti yako mwenyewe.

Dada Nanga

Na sisi wa mitumbwi? Hatuna ubao wa nyuma, hatuna mashine. Nina kifaa kidogo na betri.

Fito

Dada, wewe ndiye mwenye kazi rahisi kuliko wote humu. Mtumbwi hauna kasi ya kutengeneza mapovu wala propela ya kuvuruga. Chukua bomba la plastiki au fito iliyonyooka, funga transdusa mwishoni, pitisha waya kando ya fito na ufunge kwa vibanio kila baada ya kiganja, halafu ibane kwenye ukingo wa mtumbwi kwa klampu. Uso wa transdusa ushuke chini kidogo ya tumbo la mtumbwi, vinginevyo mtumbwi wenyewe utaziba upande mmoja wa mwale.

Mambo mawili. Klampu isikazwe hadi fito isiweze kugeuka: ukigonga jiwe, bora fito irudi nyuma kuliko kuvunjika au kukupindua. Na funga kamba ya usalama kwenye fito, maana klampu huwa zinalegea polepole bila kukuaga.

Ukifika pwani unang'oa kila kitu unaenda nacho nyumbani. Kwa kweli hata wenye boti ndogo wanaovua wakiwa wamesimama, sioni kwa nini watoboe.

Bildi

Watu wanatoboa boti kwa ajili ya televisheni ya samaki. Risasi na kamba yenye mafundo vinatosha.

Kalafati

Bildi, utacheka lakini hiyo kamba yako ni sehemu ya kazi. Ukishafunga transdusa, tia nanga mahali tulivu, teremsha bildi, yaani hiyo risasi na kamba, pima, linganisha na skrini. Kifaa kinapima kutoka kwenye uso wa transdusa, siyo kutoka juu ya maji. Tofauti hiyo unaiingiza kwenye mipangilio. Nikiwa natembea kwenye maji madogo, mimi nakipanga kinisomee maji yaliyobaki chini ya mkuku. Mtu mwingine anapenda kina chote. Chagua kimoja na wote wanaoendesha boti wajue ni kipi.

Mshipi Mrefu

Asanteni sana. Nimejaribu kwanza njia ya mfuko wa maji. Karibu na mkuku nasoma vizuri, kina kinalingana na cha nje. Nikisogea kushoto au kulia kidogo kinapotea kabisa. Kwa hiyo inaonekana sakafu ina tabaka isipokuwa kwenye uti wenyewe. Na pale kwenye uti ndipo maji ya ngamani yanapopita kwenda kwenye kizibo, na tangi la mafuta linakaa juu yake. Sioni pa kuiweka.

Basi nimerudi kwenye ubao wa nyuma. Wazo la Fito limenikaa kichwani lakini nataka kusoma nikitembea, na fito kwa kasi hiyo itapinda. Nielekezeni namna ya kutoboa bila kupasua ile rangi ngumu ya juu, na nizibe kwa nini.

Fundi Keekee

Hapa nimefika kwangu.

Usitoboe kwanza. Kata kipande cha ubao au papi, funga transdusa juu yake, ubane ule ubao kwenye ukingo wa juu wa boti kwa klampu mbili, ushuke hadi kwenye eneo ulilochagua. Nenda majini ukajaribu kwa mwendo wa kiasi, siyo kasi yote, ubao unaweza kung'oka. Ukiridhika, weka alama kwa penseli. Ndipo tunazungumza drili.

Pili, fikiria ubao wa kudumu. Unaweka kipande cha plastiki nene au faiba ngumu kwenye ubao wa nyuma, halafu transdusa inafungwa kwenye kile kipande. Kesho ukitaka kuisogeza, au ukinunua nyingine yenye matundu tofauti, unatoboa kipande, hugusi boti. Kumbuka plastiki nyeupe ya polithini, ile ya mbao za kukatia, gundi karibu zote zinaikataa. Hiyo lazima ishikwe kwa skrubu. Kama unataka kugandisha bila skrubu hata moja, tumia kipande cha faiba ngumu, sugua pande zote mbili kwa msasa mpaka zipoteze mng'ao, gandisha kwa epoksi, ubane mpaka ikauke sawasawa. Usiwe na haraka ya kuitia majini.

Kutoboa faiba: bandika utepe wa karatasi juu ya alama. Anza kwa kuizungusha drili kinyumenyume mpaka ile tabaka ya juu itoboke, hapo haitachanika vipande. Ukifika kwenye nyuzi ndipo ugeuze drili mbele. Funga utepe kwenye kekee yenyewe, ule msumari wa drili unaotoboa, kuonyesha mwisho wa kina, usije ukatokea upande wa ndani. Mdomo wa tundu upanue kidogo kwa kekee nene zaidi ili skrubu isiinue ile tabaka.

Sasa ubao wa nyuma wa boti nyingi una plaiwudi katikati ya faiba. Ukiona unga wa drili umegeuka kutoka mweupe kwenda kahawia, umefika kwenye mbao. Hapo toboa tundu kubwa kuliko la skrubu, lijaze epoksi, liache likauke, kisha toboa upya katikati ya epoksi. Skrubu sasa inashika epoksi na maji hayaoni mbao kamwe. Ni kazi ya ziada, naijua, lakini ubao wa nyuma ndio unaobeba mashine. Ukioza huo huna boti.

Kuziba: gundi ya boti ya poliyurithini au polisulfidi, siyo silikoni ya bafuni. Jaza tundu, paka skrubu, kaza mpaka gundi ichungulie pande zote, usikaze ikaisha yote. Ziko gundi zinazoshika moja kwa moja, hazing'oki tena bila kuondoka na kipande cha boti. Kwa skrubu za transdusa chagua ile inayokubali kufunguliwa.

Fundi Keekee

Nimesahau waya. Usiukate. Narudia, usiukate hata kama umezidi. Waya wa transdusa umepimwa pamoja na kauri yake, na una kinga ya kuzuia kelele za umeme. Ukiukata na kuuunga vibaya unaleta ugonjwa usio na dawa. Uliozidi ukunje kitanzi kikubwa ufiche mahali pakavu. Kupita ndani, pitisha juu ya ukingo wa ubao wa nyuma kama inawezekana. Kama lazima utoboe, toboa juu sana ya mstari wa maji, tundu la milimita 25 hivi ili kichwa cha waya kipite, na uweke kifuniko chake na gundi. Nje acha waya ulegee kidogo karibu na transdusa, ili ikigongwa na kuruka juu isiung'oe.

Mshipi Mrefu

Nimerudi na majibu ya ubao wa majaribio. Nimeuweka kulia, sentimita 45 kutoka propela, milimita 3 chini kama mlivyosema. Nikienda polepole picha safi sana, sakafu imechorwa kama mstari wa penseli nene, na samaki wanaonekana ni pinde. Nikiongeza mwendo kidogo tu, boti ikianza kuinuka, kina kinapepesa, kinaruka, kinapotea, halafu skrini inajaa madoa kuanzia juu mpaka katikati. Nikipunguza, kinarudi.

Ni mahali pabaya au ni umeme wa mashine?

Nyaya Tupu

Swali hilo linajibika ukiwa umefunga boti. Iwashe mashine, iache isiingie gia, pandisha mzunguko mpaka karibu na ule uliokuwa nao ukitembea. Usiuache juu muda mrefu. Madoa au mistari ikitokea na kuongezeka kadiri mzunguko unavyopanda, ni umeme. Ikibaki safi, umeme hauna kosa, ni maji.

Kama ni umeme: kifaa kipate waya zake moja kwa moja kutoka kwenye betri, fyuzi karibu na betri, ya kiwango kilichoandikwa kwenye maelekezo na siyo zaidi. Waya wa transdusa usilale pamoja na waya wa plagi, wa redio wala wa pampu. Plagi zenye kizuizi ndani zinapunguza kelele sana, lakini tazama kama mashine yako inazikubali. Na kwa boti ndogo mimi napendelea kifaa kiwe na betri yake peke yake. Betri ya volti 12 ya 7 Ah, kifaa kikila nusu ampea, kwa hesabu ya kwenye karatasi ni saa 14. Kama ni ya risasi usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo hesabu saa saba. Inatosha kuvua na kurudi.

Halafu angalia kama kuna boti nyingine karibu yenye kifaa cha masafa yaleyale. Vifaa viwili vya 200 kHz vikikaa jirani vinasikia milio ya mwenzake, vinachora mistari ya mshazari.

Mshipi Mrefu

Nimejaribu bila gia. Safi kabisa, hakuna hata doa. Kwa hiyo ni maji.

Kalafati

Lala chini ya boti tena. Pale ulipoweka, fuata mstari ulionyooka kwenda mbele. Kuna nini?

Mshipi Mrefu

Kuna mbavu ya nje ya faiba, ile inayokimbia kutoka omo. Inaishia kama kiganja kimoja kabla ya ubao wa nyuma, na mwisho wake umeelekea transdusa kabisa. Nilidhani kwa kuwa inaishia kabla ya kufika haina madhara.

Kalafati

Hiyo ndiyo yenye madhara kuliko ikifika mwisho. Maji yakifika pale mbavu inapokatika yanazunguka na kuvuta hewa, na ule mkia wa mapovu unakwenda moja kwa moja kwenye transdusa. Boti ikiwa polepole mkia haupo, ndiyo maana picha ni safi. Sogeza kuelekea mkuku mpaka uwe katikati ya mbavu na mkuku, kwenye sakafu tambarare. Umeacha sentimita 45, una nafasi kidogo kabla ya kufika 38. Kama haitoshi, toka upande wa nje wa mbavu, lakini hapo utakuwa unapoteza kina kwenye kona.

Ukishasogeza na bado kinapepesa ukiwa na kasi, shusha milimita 3, jaribu. Milimita 3 tena, jaribu. Usishushe sentimita nzima kwa pupa. Ikishuka mno inaanza kurusha maji nyuma kama mkia wa jogoo, inapigwa na kila takataka, na kishikio kinavunjika.

Ndani kwa Ndani

Yangu haishushwi wala haipandishwi. Nasema tu.

Mbao Tatu

Mzee huyu hakubali kushindwa 😂

Fito

Kuhusu kulaza: uso wa transdusa uwe sambamba na maji boti ikiwa inatembea, siyo ikiwa juu ya magogo. Ubao wa nyuma umeinama, kwa hiyo ukiifunga kama ulivyo, inaweza isikae sambamba. Kishikio kina meno ya kugeuza, yatumie. Pua ikiwa chini kuliko nyuma ni mbaya, inavuta hewa chini yake. Nyuma ikiwa chini kidogo sana haina shida. Boti ndogo zikipakia watu nyuma zinainua omo, kwa hiyo pima ukiwa umepakia unavyopakia siku zote. Pimamaji ya fundi mwashi juu ya transdusa inasaidia upande wa kulia na kushoto.

Njia ya kuhakiki: pita polepole juu ya samaki au kitu kilichoning'inia kwenye maji. Pinde zikitoka zimekamilika pande zote mbili, umesawazisha. Zikitoka nusu, upande mmoja tu siku zote, transdusa inatazama mbele au nyuma.

Mshipi Mrefu

Imekubali. Nimesogea hadi sentimita 39 kutoka propela, mbavu imebaki nje. Kwa milimita 3 bado kilikuwa kinakatika kwenye mawimbi, nikashusha 3 nyingine, sasa nasoma kina mfululizo nikiwa na boti imeinuka. Madoa ya juu yamebaki kidogo, karibu na uso wa maji tu. Nimeweka kipande cha faiba ngumu kwa epoksi na transdusa iko juu yake, boti yenyewe haina tundu hata moja. Waya umepita juu ya ukingo.

Maswali mawili ya mwisho. Kwenye maji ya mita nne hivi naona sakafu mbili, moja mita nne na nyingine mita nane. Ipi ya kweli? Na mwale unaona upana gani? Nikiona samaki kwenye skrini niangushe ndoano kulia au kushoto?

Kalafati

Ya juu ndiyo ya kweli. Mwangwi umetoka chini, umegonga uso wa maji na tumbo la boti, ukarudi tena chini na kupanda mara ya pili. Kifaa kikauhesabu kama kina mara mbili. Hutokea kwenye maji madogo na sakafu ngumu. Miamba inatoa ya pili nzito, tope mara nyingi halitoi kabisa, kwa hiyo usiichukie, inakuambia chini kuna nini. Ikikukera punguza usikivu.

Upana: mwale wa 200 kHz kwa transdusa za aina yako mara nyingi ni digrii 20, wa 83 kHz ni digrii 60. Digrii 20 kwenye kina cha mita 10 ni duara la mita tatu na nusu. Digrii 60 ni mita 11 na nusu. Kwa hiyo ukimwona samaki kwenye 83 anaweza kuwa mbali kabisa na boti. Badilisha uende 200: akibaki, yuko chini yako. Akipotea, yuko pembeni, na upande gani kifaa hiki hakiwezi kukuambia. Kinachoonekana upande wa kulia wa skrini ni cha sasa hivi, cha kushoto kimeshapita. Haina uhusiano na kulia na kushoto kwa boti. Wengi wanaangusha ndoano kwa kufuata skrini kama ramani.

Dada Nanga

Hilo la mwisho sikulijua. Na rangi ya kuzuia chaza na mwani, napaka na transdusa?

Fundi Keekee

Wewe unaing'oa kila siku, huna haja. Kwa inayolala majini, paka rangi ya kuzuia mwani yenye asili ya maji, tabaka moja jembamba. Zenye vimumunyisho vikali zinakula plastiki. Asetoni isiiguse. Chaza zikishashika, sabuni na kitambaa, zikikaidi msasa laini wenye maji, kisu hapana. Na kabla ya kuitia majini mara ya kwanza futa uso wake kwa sabuni kidogo, mafuta ya mikono yanashikilia viputo vya hewa.

Mshipi Mrefu

Sawa fundi. Yangu inalala majini, kwa hiyo ni rangi ya maji. Nikipata picha ya sakafu ya mita 30 nitaiweka hapa tulinganishe na ya Ndani kwa Ndani.

Ndani kwa Ndani

Ilete.